Nitrasi kwenye injini: gesi ya daktari wa meno inavyoongeza nguvu, na inavyotoboa pistoni

Taja neno "nosi" kwenye kijiwe chochote cha wapenda magari kati ya Tengeru na Arusha mjini, na hutakosa maelezo. Mmoja atakuambia ni mafuta ya ndege. Mwingine atasema ni gesi inayolipuka, ndiyo maana gari linachomoka vile kama kwenye filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Wa tatu atasema ni ile gesi ya daktari wa meno. Kati ya hao, huyo wa tatu peke yake ndiye aliyekaribia ukweli.

Unaweza kuona ni ubishi wa kupoteza muda tu. Siyo. Mtu anayedhani nitrasi ni mafuta ataifunga kwenye Altezza yake kwa namna ambayo inaweza kutoboa pistoni ndani ya sekunde chache. Anayeelewa kwamba si mafuta ataona mwenyewe hela yake iende wapi kwanza. Kwa hiyo leo tuifungue injini taratibu, tuone gesi hii inafanya nini humo ndani, na kwa nini sisi tunaoishi huku chini ya Mlima Meru tuna sababu ya ziada ya kuielewa.

Injini inakula hewa kuliko mafuta

Tumezoea kusema injini inachoma mafuta. Ni kweli, lakini ukipima uzito wa vitu vinavyoingia ndani yake, hewa ndiyo nyingi. Kilo moja ya petroli ili iungue yote inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa.

Mafuta si shida kuyaongeza. Unaweka pampu yenye nguvu zaidi, unaweka nozeli kubwa, yanamwagika kadiri unavyotaka. Shughuli ipo kwenye hewa. Injini ya lita 2 ina nafasi ya lita 2, basi. Ukimwaga mafuta mengi bila hewa ya kutosha, yatatoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi na gari halitaenda popote.

Na ndani ya hewa hiyo, kinachochoma ni oksijeni, ambayo ni kama asilimia 23 tu ya uzito wake. Sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni, ambayo inaingia na kutoka karibu kama ilivyo. Kwa hiyo karibu kila mbinu ya kuongeza nguvu unayoisikia, iwe injini kubwa zaidi, mizunguko mingi zaidi, turbo au nitrasi, ni njia ya kujibu swali moja: tutaingizaje oksijeni zaidi humo ndani?

Deni la mwinuko

Tengeru iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni karibu mita 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kule kwenye kilele cha Meru, zaidi ya mita 4,500, presha ya hewa ni kidogo tu kuzidi nusu ya ile ya pwani. Huku chini hali si mbaya kiasi hicho, lakini injini inaisikia.

Tupige hesabu nyepesi. Chukua injini ya lita 2 isiyo na turbo, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Ina maana inavuta lita 6,000 kwa dakika, sawa na lita 100 kwa sekunde. Dar es Salaam, joto likiwa digrii 30, lita 100 za hewa zina uzito wa kama gramu 116. Tengeru, joto likiwa digrii 25, lita hizo hizo 100 zina kama gramu 103. Injini imevuta kifua kile kile, lakini imepata hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 11.

Kwa hiyo injini iliyotoa nguvu farasi 150 pwani itatoa kama 132 hapa, na hakuna fundi aliyeigusa. Huo ndio mkopo ambao kila injini isiyo na turbo inaulipa kila siku ikiwa huku.

Turbo hulipunguza deni hili kwa sababu hugandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Ndiyo maana mwenye Subaru Impreza WRX haoni tofauti kubwa akitoka Dar kuja Arusha. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Kenya, ambako ni juu kuliko Arusha, magari ya daraja la juu yote yalikuwa na turbo. Nitrasi hukuiona, na sababu iko wazi: kanuni za FIA zinataka kinachochanganywa na mafuta kiwe hewa peke yake.

Sasa, nitrasi ni nini?

Jina lake kamili ni nitrasi oksaidi. Molekuli yake ina atomi mbili za nitrojeni na moja ya oksijeni. Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772. Mwenzake Humphry Davy aliivuta mwenyewe mara nyingi, akachapisha kitabu kuihusu mwaka 1800, akadokeza kwamba inaweza kufaa kwenye upasuaji. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, akaanza kuitumia kung'oa meno bila maumivu. Ndiyo hiyo wanayoiita gesi ya kuchekesha.

Shika hili: nitrasi haiungui. Yenyewe si mafuta. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Ukiacha hewa yenye asilimia 23 ya oksijeni kwa uzito, nitrasi ina asilimia 36. Lakini oksijeni hiyo imefungwa ndani ya molekuli, haiachii hovyo. Inaachia gesi ikipata joto la kama digrii 600, joto ambalo silinda ikiwa kazini inalifikia na kulipita.

Ikiingia kwenye injini inatoa faida tatu:

1. Oksijeni ya ziada, inayoruhusu mafuta zaidi yaungue.
2. Baridi. Nitrasi hukaa mtungini kama kimiminika na huchemka kwenye digrii 88 chini ya sifuri. Ikipulizwa kwenye njia ya hewa inageuka gesi papo hapo, inapooza hewa inayoingia, na hewa ya baridi ni nzito zaidi.
3. Joto. Molekuli yake ikivunjika hutoa nishati kidogo ya ziada, juu ya ile ya mafuta.

Hapa kuna swali ambalo ni la haki kabisa: kama tunatafuta oksijeni, kwa nini tusifunge tu mtungi wa oksijeni wa mafundi wa kuchomelea? Jibu ni kwamba oksijeni haigeuki kimiminika kwenye joto la kawaida, kwa hiyo mtungi wa kutosha kwenye buti utabeba kidogo sana. Pili, oksijeni tupu haisubiri kufika silindani. Ikikutana na oili au grisi kwenye bomba inaweza kuwaka hapo hapo. Na ikiungua na petroli, joto lake linaweza kuyeyusha chuma. Kwenye nitrasi, ile nitrojeni inayotoka pamoja na oksijeni inasaidia kutuliza moto. Kwa hiyo hilo la mtungi wa kuchomelea lisahau kabisa.

Gramu ngapi zinatosha?

Turudi kwenye injini yetu. Pwani ilipata oksijeni kama gramu 27 kwa sekunde. Tengeru inapata kama gramu 24. Pengo ni gramu 3. Kulijaza kwa nitrasi unahitaji kama gramu 9 za gesi kwa sekunde.

Ukitaka kuongeza kama nguvu farasi 50, kiwango ambacho seti nyingi za kuanzia hulenga, unahitaji kama gramu 18 kwa sekunde. Mtungi wa kawaida wa magari hubeba kilo 4.5. Gawanya: sekunde 250. Mtungi mzima ni dakika nne na kidogo za kukanyaga, kisha unatafuta pa kuujaza. Na nusu ya gramu hizo 18, hapa Tengeru, inaishia kukurudisha pale ambapo gari lingekuwa Dar es Salaam bila mtungi wowote.

Kulipa deni la mwinuko ndiyo kazi iliyoifanya nitrasi iingie kwenye injini kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliifunga kwenye baadhi ya ndege zao, zikiwemo aina fulani za Messerschmitt Bf 109 na Junkers Ju 88, kwa mfumo walioita GM-1. Ndege zikipanda juu sana injini zilikosa pumzi, na rubani alifungua gesi ili zipate oksijeni. Mbio za magari za Marekani ziliichukua baadaye, na jina "NOS" tunalolitumia kijiweni ni la kampuni ya huko iliyoanza kuuza mifumo hii mwaka 1978.

Mafuta yasipofika

Hapa ndipo ile tofauti kati ya mafuta na oksijeni inapogharimu pesa.

Kila gramu 9.6 za nitrasi zinahitaji gramu moja ya petroli. Kwa hiyo gramu zetu 18 zinadai karibu gramu 2 za petroli kila sekunde, juu ya zile 7 ambazo injini ilikuwa inakunywa. Jumla 9. Sasa fikiria pampu ya mafuta imechoka, au filta imeziba, au nozeli moja ina uchafu. Gesi imefika, mafuta hayajafika. Injini ilitakiwa kupata gramu 9, imepata 7. Pungufu ni zaidi ya moja ya tano.

Mchanganyiko wa namna hiyo una oksijeni nyingi kuliko mafuta, na joto la kutisha. Sehemu za chuma zenye joto sana humo ndani, kwa mfano ncha ya plagi, zinaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati. Aluminiamu ya pistoni huyeyuka kwenye digrii 660, na huwa haiyeyuki kwa sababu tu inapozwa haraka kuliko inavyopata moto. Ukiharibu mizani hiyo, pistoni inalainika katikati na presha inaitoboa. Dereva anasikia gari limekosa nguvu ghafla, anaangalia kwenye kioo, anaona moshi wa bluu.

Njia ya pili ya kuua injini ni kugonga. Kwa kawaida plagi ikipiga cheche, moto husambaa kwenye silinda kwa mpangilio. Presha na joto vikizidi, mafuta yaliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kabla moto haujayafikia. Mawimbi yake hupiga pistoni kama nyundo. Nitrasi hufanya mchanganyiko uungue haraka zaidi, kwa hiyo cheche inabidi icheleweshwe. Kanuni ya kuanzia inayotumiwa na mafundi wengi ni kama digrii 2 kwa kila nguvu farasi 50 zinazoongezwa, pamoja na plagi za baridi zaidi. Altezza yenye injini ya 3S-GE ina mgandamizo mkubwa tangu kiwandani, zaidi ya 10 kwa 1, kwa hiyo nafasi yake ya kukosea ni ndogo.

Njia ya tatu ni kufungua gesi injini ikiwa inazunguka taratibu. Hewa inapita polepole, gesi na mafuta vinarundikana kwenye njia ya hewa, cheche moja ikirudi nyuma vinalipuka huko huko. Ndiyo maana mfumo mzuri huwa na swichi inayokataa kufungua gesi mpaka pedali iwe imekanyagwa mpaka chini, na nyingine inayosubiri injini ifike angalau mizunguko 3,000.

Mtungi wenyewe

Tairi la gari dogo hujazwa kama bar 2.2. Mtungi wa nitrasi kwenye digrii 20 una kama bar 50, zaidi ya mara 20 ya tairi. Na presha hiyo hufuata joto. Asubuhi ya Julai huku kwetu, digrii 15, ni kama bar 45. Joto likiwa digrii 30 ni kama bar 63.

Hii ina maana mbili. Ya kwanza, gari lililotyuniwa asubuhi ya baridi litapuliza gesi nyingi zaidi mchana wa jua, wakati mafuta ni yale yale. Umesharudi kwenye mchanganyiko wenye mafuta pungufu bila mtu kugusa chochote. Ya pili, nitrasi ikipita digrii 36.4 haiwezi tena kubaki kimiminika, na mtungi uliojaa presha yake hupanda kwa kasi. Buti la gari lililoachwa juani hupita joto hilo kirahisi. Mtungi halali una kisahani cha usalama kinachopasuka na kutoa gesi nje. Mtungi wa kuungaunga hauna.

Wapo wanaopasha mtungi kwa moto ili presha ipande. Tafadhali, kamwe. Tarehe 26 Julai 2007, kule Mojave, California, wahandisi wa kampuni ya Scaled Composites walikuwa wanajaribu mfumo wa nitrasi wa roketi, bila hata kuiwasha. Mtungi ulilipuka na watu watatu wakafa. Hao ni watu waliofanikiwa kupeleka chombo angani mwaka 2004. Nitrasi ikichafuliwa na oili au grisi, au ikipashwa isivyofaa, inaweza kuvunjika ikiwa bado mtungini.

Na usiivute. Kwa daktari wa meno inachanganywa na oksijeni na mgonjwa anaangaliwa. Ukiivuta tupu unakosa oksijeni na unaweza kuzimia, na ukiizoea inaharibu vitamini B12 mwilini hadi mishipa ya fahamu inaumia, miguu inakufa ganzi. Uingereza iliiweka kwenye orodha ya dawa za kulevya Novemba 2023 kwa sababu ya vijana waliokuwa wanaivuta. Ile ya magari, kule Marekani, huchanganywa na salfa daioksaidi kidogo ili anayeivuta akerwe nayo.

Kabla hujatoa hela

Kama bado una hamu, fuata mpangilio huu. Pima kompresheni ya kila silinda. Ikiwa moja iko chini kuliko nyingine, simama hapo, injini hiyo haiko tayari. Badilisha filta ya hewa, maana kwa vumbi letu nyingi zimeziba na zinakunyima hewa bure. Pima presha ya mafuta gari likiwa limekanyagwa, siyo likiwa limesimama linanguruma. Weka sensa ya oksijeni yenye geji ya kuonyesha mchanganyiko, uione mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uzungumze habari za mtungi, na uanze na seti inayoleta gesi pamoja na mafuta yake, kwa kiwango kidogo. Wengi wakifika hatua ya pili au ya tatu hugundua kwamba farasi waliokuwa wanawatafuta walikuwa wamefichwa na plagi zilizochakaa.

Kuna hesabu moja ya mwisho, na hii haihusu injini. Nishati ya gari linalokimbia hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza inakuwa karibu maradufu. Seti ya nitrasi haiji na breki. Barabara ya Arusha kwenda Moshi inapita mlangoni mwa soko la Tengeru, na siku ya gulio kuna akina mama wenye mikungu ya ndizi, kuna bodaboda, kuna watoto wanaovuka. Gari la namna hii mahali pake ni uwanja uliofungwa, wenye watu wa kuzima moto. Barabarani, zile gramu 18 kwa sekunde zinaweza kulipwa na mtu ambaye hakuwahi hata kuusikia mtungi wako.